Ngozi Shingoni mwa Bunduki

Kila Idi, Baswarai alimtilia chumvi chai ya mtu aliyemuua mumewe.

Wala si chumvi ya kuonjesha. Alijaza kiganja, akakimimina birikani, akakoroga, akafunika. Kwa watu wa bonde lile kila mgeni huletewa kibirika chake peke yake, kwa hiyo hakuna mwingine aliyedhurika. Kibirika kilitoka jikoni, kikapelekwa hujra, ule ukumbi wa wanaume ulio nje ya ukuta wa nyumba, kikawekwa mbele ya Khaistamir. Na kila Idi kilirudi kitupu. Mwaka wa kwanza Baswarai alidhani wamemwaga. Mwaka uliofuata alichungulia kwenye ufa wa ukuta, akamwona kwa macho yake: mtu mzima na ndevu zake anashusha kikombe baada ya kikombe bila kukunja uso, kisha anafuta mdomo na kusema, "Mungu aibariki mikono iliyopika." Alitamani kumpasua kichwa kwa birika lile lile.

Mirdil, mumewe, aliuawa kwa sababu ya maji, tena si maji ya mto, ni ya mfereji ambao hata mwanakondoo anauruka. Zamu ilikuwa ya nani, mpaka leo wazee wanabishana. Khaistamir alikuwa na bunduki mkononi na Mirdil alikuwa na mdomo mchafu, na asubuhi ile mmoja wao akarudi nyumbani amebebwa juu ya kitanda cha kamba. Baswarai alikuwa msichana mbichi, mtoto wake Shamroz bado ananyonya.

Kabla machozi hayajakauka, Khaistamir akaja. Alikuja peku, anaswaga kondoo, na nyuma yake mama yake mzazi amejitwika Msahafu kichwani. Mtu akikujia hivyo mlangoni, hata kama mikono yake bado inanuka damu ya mwanao, humfukuzi. Ukimfukuza, aibu inahama kwake inahamia kwako. Mzee Palwand, babake Mirdil, alilia mbele za watu, akakubali. Baraza likataka alama. Mzee akaingia ndani akatoka na bunduki ya nyumba, ile ambayo ndiyo ingelipa kisasi, akaibamiza juu ya jiwe mpaka kitako kikavunjika pale shingoni, nyuma tu ya kifyatulio. Kondoo akachinjwa. Ukanda wa ngozi yake mbichi ukazungushwa juu ya mvunjiko na kukazwa, maana ngozi mbichi ikikauka inabana kama chuma. Wazee wakasema: maadamu ngozi hii ipo, damu hii imelala. Atakayeikata ameiamsha. Na kila Idi Khaistamir atakuja kuweka mkono wake wa kulia juu ya ngozi, atakunywa chai, ataondoka.

Mjane hakuulizwa neno. Aliletewa bakuli la nyama ya yule kondoo, akawamwagia mbwa.

Basi huyo ndiye Baswarai, na kama unadhani nitakuambia kwamba miaka ilimlainisha, umekosea nyumba. Walitaka kumwoza kwa shemeji yake Zarwali, kama ilivyo desturi. Akasema atajitupa kisimani, na kwa kuwa kila mtu alimjua, walimwamini. Alimlea Shamroz, akakanda unga, akamkogesha mkwewe alipozeeka. Shamroz alipokua na kupata kazi ya udereva, alipata kwa nani? Kwa wana wa Khaistamir, wenye lori la makaa ya mawe.

"Unakula mkate wa waliomla babako," mama alimwambia.

"Mama, lori ni lori. Halina ukoo."

"Dereva ndiye hana."

Shamroz alicheka, akambusu kichwani, akapanda lori. Hicho ndicho kilichomuuma kuliko yote: kijana alikuwa na furaha. Hakuwa na babake wa kumkumbuka, na chuki haikumshika hata mama alipojaribu kumrithisha.

Majira ya joto Mzee Palwand alifariki, na vuli Zarwali akarudi kutoka Sharjah, Uarabuni. Huko alikuwa dereva wa Mwingereza mmoja mzee aliyekusanya bunduki za vita na kuzirudishia sura zake za kiwandani. Zarwali alirudi na redio, mablanketi, kisukari, na maneno. Ujana wake wote aliumalizia barabarani kwa watu, na hujra ya baba yake mwenyewe ilimpokea kwa adabu ambayo ilikuwa matusi matupu. Wanaume walimsogezea mto wa kuegemea. Walimmiminia chai kwanza. "Karibu, mgeni, jisikie uko nyumbani," binamu yake mmoja alisema, na wengine wakajifanya wanakohoa.

Mtu wa kule hukuzwa na maneno ya hujra, na Zarwali alikuwa ameyakosa yote: aliondoka kabla ya msiba, na likizo zake chache hazikuangukia Idi hata moja. Kwa miaka aliyokuwa mbali, babake alimrekodia habari kwenye kaseti, lakini kaseti ya Sharjah husikilizwa na chumba kizima cha wanaume, na katika chumba kile walilala pia watu wa ukoo wa Khaistamir. Kwa hiyo mzee alisema tu, "Tumepatana, mwanangu, fanya kazi yako." Namna walivyopatana hakuisema. Zarwali alirithi bunduki bila kurithi habari zake.

Na bunduki yenyewe ilikuwa kituko. Babu yake aliipata kwa Waingereza kwa njia ya kawaida ya watu wa milimani: alijiandikisha askari wao, wakampa, akatoroka nayo. Tangu hapo kila aliyeishika aliitia mkono wake. Babu alikata mbao ya mbele iwe nyepesi kupanda nayo milima. Mzee Palwand aliipigilia misumari ya shaba kitakoni, na mwaka aliohiji akaipaka rangi ya kijani. Mkewe aliifumia mkanda wa shanga wenye shada la sufu nyekundu. Ukiitazama ungedhani ni bibi harusi aliyepambwa na mashangazi wasiosemezana.

Baswarai alimpelekea Zarwali mkate asubuhi moja akaikuta imefumuliwa juu ya blanketi.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Nairudisha kwao."

"Kwao wapi?"

"Kwenye sura yake. Ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani. Bosi wangu alikuwa akisema, kitu cha kale ukikitia mapambo yako, umekiua." Aling'oa msumari wa shaba kwa koleo, akauangusha kwenye kopo. "Idi nitaingia nayo hujra. Waione bunduki ya babu yao ilivyokuwa. Tuone nani ataniita mgeni."

"Babu yako alihatarisha shingo yake kuwaibia Waingereza, na wewe unawarudishia?"

Zarwali akacheka. "Mdomo wako ni ule ule. Ndiyo maana nilikimbilia Sharjah."

Kisha akagusa ngozi kwa ncha ya kisu. Ilikuwa imekauka nyeusi, imeng'aa kwa kushikwa, hasa pale katikati ambapo kiganja kimoja kilikuwa kikitua kila mwaka.

"Na takataka hii! Baba naye. Ana mwana Uarabuni, anafunga bunduki kwa ngozi ya mbuzi kama mchungaji. Si angeniambia nimtumie hela ya kitako kipya?"

Ya kondoo, Baswarai alitaka kusema. Ni ya kondoo, na ukiikata umetuua. Maneno yalifika ulimini, na hapo akayazuia. Siku ile ya baraza hakuna aliyemuuliza. Na leo, je, nani amemuuliza? Zarwali alikuwa anahangaika na kisu, kinateleza.

"Haikatiki hivyo," Baswarai alisema. "Ngozi kavu iloweke kwanza."

Akaenda mwenyewe kuleta beseni la maji ya moto.

Ngozi ilipolainika ikakatika kwa urahisi. Zarwali aliitupa mlangoni. Baswarai aliiokota pamoja na maganda ya vitunguu, akaitia kwenye tanuri la mkate. Iliungua polepole, ikanuka nyama, na mke wa Zarwali akauliza kinachoungua ni nini. Alikuwa ameolewa kutoka bonde la mbali baada ya msiba, na ngozi ile aliijua kama mtu anavyojua kovu la mkwewe: unaliona, huliulizi.

"Mafuta yamemwagika," Baswarai alimwambia.

Siwezi kusema hakujua anachofanya. Alijua. Alichojiambia ni kwamba Khaistamir atanyosha mkono wake na hatapata pa kuuweka. Alimtakia usiku mmoja tu wa kusikiliza nyayo nje ya ukuta, kama yeye alivyosikiliza miaka na miaka nyayo za mtu asiyerudi. Zaidi ya hapo hakutaka kufikiri, na mtu asiyetaka kufikiri hakosi kazi ya kufanya. Akawa msaidizi wa shemeji yake.

Majira yote ya baridi walifanya kazi mlango umefungwa, Zarwali akitaka siri yake itoke siku ya Idi. Alikwangua rangi ya kijani kwa kipande cha kioo, taratibu, asile mbao. Kitako cha zamani alikitoa kwa bisibisi ndefu inayopitishwa ndani kwa ndani mpaka kwenye bolti, na kilipotoka kiliachana vipande viwili mikononi mwake. Baswarai akavichukua kuwa kuni. Zarwali alikwenda mwenyewe soko la bunduki la Darra, akarudi na kitako kipya na mbao ndefu ya mbele, vyote vya mjozi, mti mgumu wa mlimani. Aliipaka mafuta ya kitani kwa kiganja kitupu, anasugua mpaka mbao ipate joto, anaacha ikauke, anarudia. Chuma hakukipiga msasa. Alikitoa kutu kwa mafuta na sufu aliyoletewa na Baswarai, maana, alisema, chuma cha askari hakitakiwi kung'aa kama sahani. Taji la Waingereza likajitokeza, na chini yake namba ambazo hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuziona.

Ilipokamilika ilikuwa nzuri. Baswarai hakutaka kukiri, lakini ilikuwa nzuri: ndefu, nyoofu, ya rangi ya chai nzito, haina alama ya mkono wa mtu yeyote aliyemjua.

"Sasa imerudi," Zarwali alisema, na machozi yalimlenga. "Natamani Baba angeiona."

Baswarai alikwenda kuchota maji. Hakuweza kukaa pale.

Siku ya Idi wanaume walitoka msikitini, hujra ikajaa. Baswarai alitayarisha birika la Khaistamir kwa mkono wake, chumvi kiganja kizima kama ada, likapelekwa. Akasimama kwenye ufa wa ukuta. Alimwona Zarwali akiingia na bunduki imefunikwa kwa shali, akaifunua kwa madaha kama muuza nguo. Hujra ikanyamaza. Zarwali, masikini, alidhani ni mshangao wa uzuri.

Khaistamir alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. Ulibaki hewani. Aliutazama mjozi mpya, laini, hauna hata mkwaruzo, kisha akamtazama Zarwali usoni, kwa muda mrefu, kama anayesoma. Akaurudisha mkono kifuani. Akasimama, akavaa kandambili zake, akatoka bila kuaga.

Birika likarudi jikoni limejaa.

Baswarai alilishika kwa mikono miwili. Lilikuwa zito na la moto, na ndipo alipokumbuka jambo ambalo mama yeyote mwingine angelianza nalo. Shamroz alikuwa njiani. Lori la makaa lilikuwa linashuka kutoka kusini, litaingia bondeni jioni, na ndani yake, bega kwa bega na mwanawe, walikaa wana wawili wa Khaistamir. Nyumba ya Palwand imeikata ngozi hadharani, siku ya Idi. Anayepaswa kulipiza kisasi sasa ni nani? Ni mwana wa Mirdil, na wao watamwahi. Ataletwa mlangoni juu ya kitanda cha kamba, kama babake.

Zarwali aliingia uani akiwa hana rangi. Wazee walikuwa wamekwisha kumweleza, tena kwa sauti za juu.

"Kila mtu alijua!" alipiga kelele. "Bonde zima, mpaka watoto! Nimejiita mwana wa nyumba, kumbe kweli mimi mgeni!" Kisha akamtazama Baswarai, na sauti ikashuka. "Wewe ulikuwepo. Ulijua."

"Nilijua."

"Ukaniambia niiloweke."

"Ndiyo."

"Ukaniletea maji ya moto, shemeji!"

"Zarwali, nitukane baadaye. Nishushie Msahafu."

Aliuweka kichwani juu ya kitambaa cheupe, akavua viatu. Njia ya kwenda kwa Khaistamir inapita kwenye mfereji ule ule, na aliuvuka mahali pale pale. Theluji ilikuwa bado imeganda kivulini. Zarwali alimfuata nyuma anaswaga kondoo wa Idi ambaye alikuwa bado hajachinjwa, na wanawake walipanda juu ya madari kutazama. Bonde zima lilikuwa limemwona akiwapa mbwa nyama ya upatanisho. Leo lilimwona peku, yeye ndiye anayekwenda kuomba.

Khaistamir alimkuta mlangoni pake. Alikuwa amezeeka kuliko alivyoonekana kupitia ufa.

"Mama Shamroz," alisema. "Umefika hapa kwa miguu yako."

"Nimefika."

"Ngozi iko wapi?"

Angeweza kumsingizia Zarwali. Kila mtu alikuwa tayari kumlaumu yule mpumbavu wa Sharjah, naye Zarwali mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa, yuko tayari kubeba. Lakini Msahafu ulikuwa kichwani, na shingo ilimuuma.

"Niliichoma. Huyu hakujua. Mimi nilijua, nikamwonyesha namna ya kuikata, nikaichoma kwenye tanuri."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulimuua mume wangu," Baswarai alisema, "na kila mtu akasamehe isipokuwa mimi, na hakuna aliyegundua kwamba sikusamehe."

"Mimi niligundua," Khaistamir alisema. "Chai yako ilinieleza kila mwaka."

Usimwonee huruma haraka. Alikuwa muuaji, na chumvi haimfufui mtu. Lakini hakumfukuza.

Baraza likakaa saa hiyo hiyo, hapo hapo mlangoni. Wakasema alama irudi kama ilivyokuwa. Zarwali akaenda kuichukua bunduki. Aliishika kwa mtutu, akaipiga kwenye jiwe, mjozi ukagoma. Akapiga tena. Alikuwa amechagua mbao nzuri mno. Alipiga na kupiga, huku akilia waziwazi mbele ya watu wale wale aliotaka wamsifu, mpaka shingo ikapasuka na vibanzi vikaruka. Binamu yake, yule aliyemwita mgeni, ndiye aliyemshika bega, wala hakukohoa.

Kondoo akachinjwa, ukanda ukakatwa. Mzee mmoja akamnyooshea Zarwali ili afunge.

"La," Khaistamir alisema. "Safari ile hatukumuuliza mwenye msiba, na mmeona faida yake. Leo tunamuuliza. Mama Shamroz, unakubali?"

Ndilo swali alilolisubiri tangu ujana wake. Alikuwa ameliandalia jibu, amelinoa kwenye jiwe la kusagia na kwenye tanuri na kando ya kitanda cha mkwewe: la, sikubali, wala sitakubali. Alisikia lori linanguruma kule chini ya bonde, linabadilisha gia kupanda.

"Nakubali," alisema.

Akaipokea ngozi. Ilikuwa na uvuguvugu bado, inateleza. Aliizungusha juu ya mvunjiko, akaivuta kwa meno pale vidole viliposhindwa, akafunga fundo. Shamroz aliposhuka garini, uso mweusi kwa makaa, anacheka na wana wa Khaistamir kwa jambo walilolisema njiani, alimkuta mama yake amekaa chini kwenye matope, ana damu ya kondoo mdomoni.

"Mama? Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nenda ukaoge."

Idi iliyofuata Khaistamir alikuja kama kawaida. Zarwali, ambaye sasa alijimiminia chai mwenyewe hujra bila kusubiri kukaribishwa, aliiweka bunduki mbele yake. Mbao ilikuwa ya rangi ya chai nzito, na shingoni ile ngozi imeshaanza kuwa nyeusi. Jikoni Baswarai aliandaa birika. Mkono wake ulikwenda kwenye chumvi wenyewe, kwa mazoea, ukasimama. Safari ile ya kwanza waliofunga ngozi walikuwa wengine, na chumvi ilikuwa haki yake. Hii ya sasa aliifunga yeye, kwa meno yake, na haki hiyo hakuwa nayo tena.

Akatia sukari, akakoroga, akafunika. Birika likarudi tupu kama lilivyorudi miaka yote. Baswarai akakaa chini karibu na tanuri, akamlilia Mirdil kwa sauti.